Kapo ya Ilunga

Alhamisi. Mvua imekatika tangu asubuhi, na jua la Kamina limetoka kwa haya, kama mgeni aliyefika chakula kimeshaliwa. Matope ya njia ya stesheni yameanza kukauka kingoni. Upepo ni mkavu. Maana yake sina kisingizio tena.

Wanaosoma blogu hii ni wachache, na nusu yao ni mimi mwenyewe nikitafuta makosa. Basi niandike bila kujipamba.

Kazi iliyonishinda kuimaliza ni kapo. Kapo ya gari la Ilunga, mtoto wa dada yangu Ngoie. Kile kifuniko cha mbele kinachofunika injini. Imelala juu ya farasi wawili wa mbao, vile vigoda virefu vya seremala, katika uwa wa dada yangu. Ingepaswa kuwa garajini kwangu, lakini dada hataki ivuke lango kabla ya siku ya kutosha kilio, yaani kuondoa matanga. Na siku hiyo ni Jumamosi hii. Wadogo wa marehemu baba yake Ilunga wanakuja kutoka Mulongo. Watakula, watasali, watanyoa nywele, kisha wataondoka na gari. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na vitu vyake hufuata njia hiyohiyo. Sina ugomvi na desturi. Nina ugomvi na Jumamosi.

Ilunga alikufa mvua zilipoanza. Sasa mvua zinakwisha.

Alikuwa mpwa wangu wa pekee. Kwa Kiluba mjomba ni manseba, na yeye alikuwa ananiita hivyo kwa sauti kubwa, sokoni, kanisani, katikati ya barabara, mpaka Kamina nzima ikasahau jina nililobatizwa. Hata fundi wa mapanki, mziba matairi, ambaye ananipita miaka kumi ananiita manseba. Jina limebaki. Aliyelileta amekwenda.

Gari lake alilitoa Zambia, limetumika, usukani uko upande wa kuume. Milango ilikuwa na kutu, kiti cha nyuma kilikuwa na harufu ya mbuzi. Lakini kapo yake ilikuwa ya kaboni. Mwenyewe wa kwanza, huko lilikotoka, labda alikuwa kijana wa mashindano, Mungu anajua. Kaboni ni kitambaa: nyuzi nyeusi zilizofumwa, zikanyweshwa rezini, zikakauka mpaka zikawa ngumu na nyepesi kuliko bati, halafu juu yake vanishi inayong'aa. Ukitazama kwa karibu unaona ufumaji wenyewe, uzi unapita juu ya mbili, chini ya mbili, mistari inakwenda mshazari.

Ilunga alipouona tu ufumaji huo alimwita mama yake nje. Dada Ngoie husuka mikeka ya matete, na mikeka yake inajulikana kwa mshazari huohuo, mbili juu, mbili chini. Ilunga alimshika mkono akaupitisha juu ya kapo.

"Mama, ona. Kapo yangu weye njo ulisuka."

Tangu siku hiyo aliwaambia watu wote kwamba mama yake ndiye aliyeisuka, na dada yangu alijifanya kukasirika. Mmoja wa wale baba wadogo wa Mulongo, alipokuja kututembelea, aliigonga kwa kidole akauliza kwa nini mtoto msomi amenunua gari lenye kapo ya plastiki kama beseni ya kufulia. Ilunga alicheka mpaka akaketi chini.

Hakuruhusu chochote kiwekwe juu ya kapo ile. Wala kikombe wala kiwiko cha mtu. Nadhani hata kuku wa dada walijua kuzunguka.

Kisha akafa, na rafiki zake wakampa heshima.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa heshima hiyo. Kijana akifa, vijana wenzake huvunja matawi, hupanda juu ya magari ya msafara, huketi juu ya paa na juu ya kapo, huimba, hupiga bati kwa viganja mpaka makaburini. Gari linalopigwa zaidi ni la marehemu mwenyewe. Nani angesema mshuke? Ungeanzaje? "Vijana, poleni na msiba, hiyo ni kaboni"?

Na kapo ya chuma ukiipiga inalalamika. Ile ya kaboni iliitika. Ilitoa sauti nzito, ya mviringo, ngoma hasa, na waliposikia uzuri wake wakaongeza viganja. Tulimzika Ilunga kwa ngoma aliyoikataza.

Tuliporudi, kulikuwa na ufa kutoka kwenye kufuli ya mbele kwenda karibu katikati, mweupe, mwembamba, umevunja mshazari wa nyuzi.

Nimewahoji wahusika. Ni waendesha moto, pikipiki za abiria, wa stesheni, wote nawajua. Kasongo, rafiki yake mkubwa, nilimsimamisha njiani.

"Kasongo, siku ile weye ulikaa wapi?"

"Miye? Ku paa, manseba."

"Na ku kapo?"

"Ku kapo balikuwa bengine."

"Bengine banani?"

"Bale balikuwa ku kapo."

Kila niliyemuuliza alikuwa ku paa. Paa ile kama ingebeba wote hao, ingekuwa imelala bapa kama meza sasa. Lakini Kasongo alipowasha moto yake hakuondoka. Alibaki anazungusha mkono wa gesi bure, anatazama gurudumu. Akasema, "Ililia muzuri, manseba. Hatukujua." Sikumuuliza tena.

Niseme kuhusu ufa wa kaboni, maana hapa ndipo ninapopata shida ya usingizi. Chuma kikigongwa kinabonyea, unaona shimo, unajua ugonjwa uko wapi. Kaboni inaficha. Juu unaona mstari kama unywele, na chini matabaka ya kitambaa yameachana kiganja kizima kila upande. Ukiziba mstari tu, siku moja kwenye njia ya Lubumbashi, gari likiwa mbio, sehemu ya kufuli inakatika, kapo inanyanyuka na kumfunika dereva macho.

Kwa hiyo unagonga. Unagonga kidogokidogo, unasikiliza. Penye uzima panajibu kavu, ko, ko. Palipoachana panajibu pu, kama mtu anayejibu akiwa usingizini. Mafundi wa kwenye video za simu, ambao ndio walimu wangu, kwa sababu mwingine sikumpata, wanasema gonga kwa sarafu. Nchi yetu ina noti tupu. Noti ukigonga nayo haitoi sauti, wakati mwingine hata dukani. Ilunga ndiye aliyeniletea sarafu ya Zambia kutoka mpakani Kasumbalesa, alipolileta gari, ili niipime kapo yake. Akaniambia, "Manseba, sasa uko dokteri."

Alipolazwa kwa tifoide nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda. Daktari aliweka vidole juu ya tumbo lake, akagonga kwa vidole vya mkono wa pili, akainamisha kichwa kusikiliza. Hapa, akasogea, hapa. Ilunga midomo yake ilikuwa imekauka, lakini alinitafuta kwa macho.

"Manseba, ananipima kama kapo."

Tulicheka, sisi wawili, daktari hakuelewa. Utumbo ulikuwa umeshatoboka. Nje alionekana mzima.

Sijamwambia dada jambo hilo. Nimeliandika hapa kwa sababu dada hasomi blogu.

Turudi kwenye kazi. Nilifungua kapo, nikaiosha. Ncha ya ufa nikaitoboa tundu dogo ili usiendelee kutembea. Nikaigeuza tumbo juu, nikasaga ule upande wa chini kwa vidaraja, tabaka baada ya tabaka, mpaka nikafika penye uzima. Rezini ninaijua, miaka ya nyuma nilikuwa ninaziba mitumbwi ya faiba kule Kinkondja, na mtumbwi ukivuja, mvuvi hakusamehi. Kitambaa cha kaboni kilitoka Lubumbashi kwa treni, ndani ya mfuko wa maharagi ili kisivutie macho. Nilipokifungua nikakuta ufumaji wake si mshazari. Ni miraba, moja juu, moja chini, kama kitambaa cha meza. Kwa upande wa chini haidhuru, nguvu ni ileile. Juu ungeonekana kama kiraka cha suruali. Basi nikaweka vipande chini, kidogo kwanza, kikubwa juu yake, nikafunika nailoni, nikalaza vifuko vya mchanga, nikawasha mbabula chini ya bati ili makaa yatoe joto polepole.

Hiyo ilikuwa zamani.

Tangu hapo nimekuwa nikimwambia dada kwamba rezini haipendi unyevu. Ni kweli, haipendi. Lakini haichukii kiasi nilichosema. Kila asubuhi nilifika, nikanusa hewa kama mtaalamu, nikatikisa kichwa. "Leo hapana, yaya," ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Naye akaniletea kiti na chai, tukakaa tukitazama mvua inavyopiga turubai lililofunika gari. Wala hakuniharakisha. Sasa ninajiuliza ni nani alikuwa anamdanganya nani.

Maana kapo ikikamilika, gari limekamilika. Na gari likikamilika linaondoka.

Leo hewa ilikuwa kavu hata kwa pua yangu. Nikageuza kapo, nikatoa sarafu, nikaanza kuipima.

Nilianza pembeni, polepole, nimefumba macho. Ko. Ko. Ko. Nikafuata mbavu za chini, nikarudi kwenye kufuli, nikapita juu ya ufa wenyewe. Ilijibu yote. Sikuamini, nikaanza upya kwa haraka zaidi, na mkono wa kushoto nikauweka juu ya kapo ili uhisi mtikisiko, na bila kukusudia kiganja nacho kikawa kinagonga. Nilikuwa ninafurahia kazi yangu. Ni dhambi ndogo, lakini sikiliza ilivyoniletea watu.

Ng'ambo ya ukuta wa dada anaishi mama Kapinga, anauza maharagi sokoni. Familia yake ni ya Kasai, amezaliwa hapa, amewahi kuondoka na akarudi, na kwa mambo ya kilio hakuna wa kumfundisha. Alisikia ngoma ileile ya siku ya mazishi inatoka kwenye uwa wa Ilunga. Akafikiri watu wa Mulongo wamefika mapema na kilio kimefunguliwa bila yeye. Akajifunga kitambaa kiunoni, akawaita wenzake wawili waliokuwa wanachambua maharagi, wakaingia langoni wote watatu, mikono kichwani, wakilia.

"Aaah, Ilunga weee! Ilunga wetu! Umetuachia nani!"

Walifika katikati ya uwa kabla ya kufungua macho vizuri. Wakaona kapo. Wakaniona mimi, mtu mzima, nimeinama na sarafu.

"Manseba," mama Kapinga akasema, mikono ingali kichwani, "beko wapi bantu?"

"Hakuna bantu, mama. Ninapima kazi."

"Na ile ngoma?"

"Ni miye."

Akashusha mikono. Mmoja wa wenzake akaanza kucheka, akajiziba mdomo na kitambaa, na kicheko kikageuka humo ndani ya kitambaa kikawa kitu kingine. Mama Kapinga alitafuta pa kuketi, akaketi juu ya ndoo niliyoipindua.

"Basi," akasema, "machozi ilishatoka. Hatuwezi kuirudisha."

Wakalia kweli. Si kilio cha kuingilia langoni, kile chenye sauti na majina. Kilio cha chini, cha watu waliokuwa wanachambua maharagi. Mmoja alianza wimbo, wakauimba kwa midomo iliyofungwa, na nikajikuta ninashika sarafu bila kujua niiweke wapi.

Dada Ngoie alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi. Sijui alisimama tangu lini. Hakulia. Alisubiri wamalize, akawapa maji, akawasindikiza mpaka langoni kama inavyopaswa. Mama Kapinga akamwambia, "Utusamehe, mama Ilunga, tulikosea siku." Dada akamjibu, "Hapana, hamukukosea."

Kisha akaja kwenye kapo. Akanyoosha kiganja, nikampa sarafu.

Sikumfundisha. Alinisikia siku nyingi. Akagonga, akasogea, akagonga. Alipita kila mahali nilipopita, taratibu zaidi yangu, kichwa kimeinama vilevile kama yule daktari, na hapo nikalazimika kutazama kuku.

"Inaitika," akasema.

"Yote, yaya."

"Kama mbele?"

"Kama mbele, kabla ya ufa."

"Lakini inaonekana."

Ni kweli. Nilijaza ufa kwa rezini, nikausawazisha, ukucha haukwami tena. Lakini nyuzi zilizokatika zimekatika. Kwenye mshazari ule mnyoofu kuna mstari uliopinda, kovu, na jicho linakwenda hapo moja kwa moja. Jumamosi macho yatakayokwenda hapo ni ya watu wa Mulongo, na swali litakuwa: mlikuwa mnachunga nini, ninyi wa upande wa mama? Mimi ndiye manseba, mimi nitasimama kujibu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na mithali mbili.

"Rangi iko?" dada akauliza.

"Rangi gani?"

"Nyeusi."

"Yaya, iko nyeusi tayari."

"Nyeusi ya kufunika."

Nilimweleza. Nikasema tukipaka rangi, ufa utapotea, sawa, hata mimi sitauona. Lakini na nyuzi zitapotea. Itakuwa kapo kama kapo zote za Kamina, mtu atadhani ni bati. Nikasema Ilunga asingependa. Nikasema Ilunga alikuwa akisemaka...

"Ilunga hayuko," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekujulisha kwamba treni imeshapita.

Akaweka kiganja chake juu ya kapo, akakipitisha kutoka kufuli mpaka juu, kufuata mshazari, mbili juu, mbili chini, kama alivyopitishwa ile siku. Alipofika kwenye ufa hakusimama.

"Bale ba Mulongo banakuya kukamata motoka. Bakamate, iko yabo. Mukeka yangu, hapana."

Akarudi jikoni. Bukari ilikuwa imeshaanza kuungua, nilisikia harufu.

Nimeketi muda mrefu na maneno hayo. Wao wataona kapo nyeusi, safi, imara. Yule aliyesema beseni ataigonga kwa kidole, na pengine atafurahi kwamba hatimaye tumemwekea mtoto kapo ya watu wazima. Hakuna atakayeuliza. Mithali zangu mbili nitabaki nazo. Wataondoka nayo mpaka Mulongo, watabeba juu yake samaki wakavu, watoto watairukia, na chini ya rangi mkeka wa Ngoie utakuwa umelala kimya bila yeyote kujua isipokuwa sisi wawili. Nilidhani dada anataka nifiche ufa. Kumbe ufa ndio kisingizio.

Lakini mkono utakaopaka ni wangu.

Mchana nimechukua msasa na maji nikaanza kuondoa vanishi ya juu, maana rangi haishiki kwenye kitu kinachong'aa. Kazi hii inaua uzuri haraka sana. Mistari imefifia, kina kimepotea, na ilipokauka kapo nzima ilikuwa ya kijivu, kama jivu la mbabula. Ufa hauonekani. Nyuzi hazionekani. Nikafikiri: basi, imekwisha, rahisi kuliko nilivyoogopa.

Kisha nikaipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Zikarudi zote. Kila uzi. Mbili juu, mbili chini, nyeusi yenye kina, inang'aa kuliko siku aliyoileta, na jua la saa kumi likiwa linaipiga ubavuni. Nilisimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake nyuma yake. Upepo ukapita, maji yakaanza kukauka kutoka kingoni kuja katikati, na kijivu kikayafuata, taratibu, mpaka kikafunika mahali pa mwisho.

Nikalowesha tena.

Dada ametoka jikoni na kiti chake, akakiweka kando yangu, akaketi. Nikilowesha anatazama. Ikikauka anatazama vilevile, anangoja.

Chupa ya rangi iko kwenye kivuli, nimeshaifungua na kuikoroga, iko tayari. Kesho asubuhi nitapaka, na Jumamosi nitasimama mbele ya watu wa Mulongo nikiwa nimenyoa, nitawakabidhi ufunguo kwa mikono miwili, na sitasema neno.

Leo ndoo ingali na maji.